Mkono baada ya upasuaji wa titi: pumzi, kukanda na mazoezi

Wanawake wengi wanaoletwa kwangu kwa mazoezi tiba huja wameubana mkono kifuani kana kwamba wamebeba yai kwapani. Wameambiwa, mara nyingi na jirani, kwamba aliyetolewa titi hanyanyui kitu tena. Matokeo yake bega linakakamaa hadi kufunga kilemba kunakuwa kazi. Mkono huo unahitaji kutumika.

Kwanza muulize daktari kama ulitolewa tezi za kwapani, na kama moyo na mifupa yako viko sawa. Mpira wa kutolea maji ukiwa bado umo, usiinue kiwiko kupita bega.

1. Pumzi. Weka kiganja tumboni, vuta hewa kwa pua mpaka tumbo lijae, toa taratibu kwa mdomo. Mara tano. Wengi huiruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke: hutuliza hofu, tena husaidia majimaji ya limfu, yale ambayo yakikwama huvimbisha mkono, kupanda kifuani.

2. Kukanda. Subiri kidonda kifunge. Usipake mafuta, maana kiganja kikiteleza hakivuti ngozi. Mafuta ya nazi yaweke kwa ajili ya kulainisha kovu. Anza juu ya mitulinga, nenda kwapa la upande usiopasuliwa, kisha vuta ngozi ya kifua kuelekea huko. Mkono uwe wa mwisho. Ni kama shambani: huachilii maji kabla hujazibua mfereji wa mbele. Nguvu iwe ile ya kumpapasa mtoto mchanga shavuni. Anayekukandamiza mpaka unalia anakuumiza, hata kama ni bingwa wa kuchua mtaa mzima. Na kupiga chuku kwa kuchanja upande huo, hapana kabisa. Kila chale ni mlango wa vijidudu.

3. Ukuta. Simama ukiutazama, tambaza vidole kwenda juu mpaka uhisi kuvutwa, si kuchomwa. Hesabu hadi kumi, shuka. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Weka alama ya chaki ulipofika. Wiki ijayo itakupa moyo. Ukigusa kitu kama uzi mgumu kwapani, usishtuke. Hutokea wiki chache baada ya upasuaji na hulainika kwa kunyoosha polepole, ila mwonyeshe mtaalamu.

4. Uzito. Jeraha likipona na daktari akiridhia, chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia. Mara kumi, siku 2 kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 ulifuatilia wanawake 141 waliokwisha kuvimba mkono. Takribani nusu yao walinyanyua uzito hivyo kwa mwaka mzima, wakianza chini ya usimamizi: uvimbe haukuzidi, na nguvu ziliongezeka.

5. Kutembea. Nusu saa, siku 3 kwa wiki, hata ukianza na dakika kumi. Uchovu wa matibabu hauishi kwa kulala tu.

Kuhusu mitishamba: manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa ni jambo jingine, kwani vinaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi. Chochote unachokunywa, mpelekee daktari kopo lenyewe alione.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, au ukipata homa, acha kukanda na kila zoezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.