Kukuza Rozimari Bustanini na Kuitumia Jikoni

Rozimari ni kichaka cha kudumu chenye asili ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako jua ni kali, udongo una mawe mengi na majira ya joto hupita karibu bila mvua. Anayeikumbuka asili hiyo hatasumbuka sana kuitunza. Mmea huu hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa ukame, kwani mizizi inayokaa kwenye unyevu huoza, kisha majani hugeuka rangi ya kahawia na kukauka, na mwenye bustani akidhani ni kiu huzidisha maji na kuumaliza kabisa. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili; ukihisi ubaridi wa unyevu, acha.

Kuanza kwa mbegu sikushauri, kwa sababu huota polepole, nyingi hazioti kabisa, na miche yake huweza kutofautiana na mmea mama. Kata tawi changa lisilochanua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (mahali majani yanapochipukia), uondoe majani ya nusu ya chini na kulichomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji. Liweke penye mwanga usio mkali na udongo uwe na unyevunyevu tu. Baada ya wiki 4 hadi 8 livute taratibu: likishikilia, limeshatoa mizizi.

Hamishia mche mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku, ukiacha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea ili hewa ipite, maana msongamano hukaribisha ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe kwenye majani. Udongo wa mfinyanzi uinuliwe tuta na kuchanganywa na changarawe. Samadi iwe kidogo sana, kwa kuwa rozimari iliyoshibishwa hurefuka ikawa laini na kupungukiwa na harufu. Ukipanda kwenye chungu, chagua cha udongo wa kuchoma chenye tundu chini.

Vuna kwa kukata ncha za matawi mabichi, usizidishe theluthi moja ya kichaka kwa mara moja, wala usikate sehemu ngumu ya mti isiyo na majani, kwani kwa kawaida haichipui tena.

Jikoni, rozimari huvumilia moto mrefu, hivyo huwekwa mapema kwenye nyama ya kuoka, viazi, maharage au supu. Tawi zima hutolewa kabla ya kupakua. Majani yanayobaki ndani ya chakula yakatwekatwe sana, kwa kuwa ni magumu na huchoma mdomoni. Anza na kiasi kidogo, kwani ikizidi huleta uchungu. Majani makavu, yaliyoning'inizwa kivulini penye hewa, yana nguvu zaidi: kijiko kimoja cha chai hutosha pale panapohitajika kijiko kimoja cha mezani cha mabichi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Majani mabichi yaliyolowekwa kwenye mafuta yasiachwe nje ya friji, kwa sababu bakteria wa sumu ya botulini hustawi pasipo na hewa. Mafuta hayo yakae kwenye friji na yatumike ndani ya siku 4.