Mifumo Ikizimwa Vitani, Umeme Utarudi Baada ya Saa Ngapi? Jinsi ya Kupima

Ripoti nyingi za usalama wa mtandao ninazoletewa zinahesabu programu zilizonunuliwa. Weka hizo kando. Chukua karatasi na saa ya kupimia. Mifano yangu mingi ni ya Ukraine, maana gridi yao ya umeme imeshapigwa kwa kirusi cha kompyuta na kwa kombora.

Hatua ya 1: Orodhesha huduma. "Seva tatu" haitusaidii. Andika hospitali inapata umeme kupitia kituo kipi cha kupoozea, na pampu za maji kupitia kipi.

Hatua ya 2: Fuata mawasiliano hadi nje ya uzio. Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipovamia Ukraine, modemu za setilaiti ya intaneti ya KA-SAT ziliharibiwa kwa shambulio la mtandao. Huko Ujerumani, mitambo 5,800 ya upepo ikawa haiendesheki tena kwa mbali. Kila modemu uliyo nayo, uliza: nani mwingine anaitegemea setilaiti hiyo?

Hatua ya 3: Zima, upime. Hapa tenga siku nzima. Tarehe 23 Desemba 2015, mafundi wa magharibi mwa Ukraine waliona kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini, kikizima swichi moja baada ya nyingine. Wateja kama 225,000 wakabaki gizani. Wavamizi wa mtandao walioiteka skrini hiyo waliharibu pia vifaa vya mawasiliano vituoni, swichi zisiwashike kwa mbali, na wakaijaza laini ya wateja simu za uongo. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda kuziwasha kwa mikono.

Basi mpe fundi wa zamu bahasha: "Skrini zimekufa, simu hazishiki." Bonyeza saa. Usimsaidie hata kwa jicho. Kwenye kituo kimoja cha maji nilichopima, dakika 40 ziliishia kwenye kutafuta ufunguo wa kabati la swichi. Aliyekuwa nao yuko likizo.

Hatua ya 4: Ongeza vita. Rudia zoezi ukiwa na amri ya kutotoka nje usiku, dizeli ya kupimiwa, na nusu ya mafundi wameitwa jeshini. Waliobaki ndio haohao watakaokarabati transfoma iliyopigwa kombora, kwa hiyo usiwahesabu mara mbili. Kosa hili nalikuta karibu kila mpango.

Hatua ya 5: Rudisha nakala ya akiba ya data na programu zako kwenye mashine tupu. Kirusi cha NotPetya kilipoipiga kampuni ya meli ya Maersk mwaka 2017, nakala pekee iliyopona ya seva zinazotambua watumiaji ilikuwa Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na kirusi hakikuifikia. Tuliozoea mgao tunaweza kucheka, ila mgao usiuandike kwenye mpango. Pima urejeshaji unachukua saa ngapi, jumlisha na za hatua ya 4, kisha iweke jumla hiyo ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya orodha ya programu.