Barua, bango na daftari: tunavyoandaa maandamano ya amani Kaptembwa

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko Kaptembwa, Nakuru, na majirani wakitaka kuandamana hunijia wakitafuta bango. Kabla sijashika mkasi nawauliza: barua iko wapi? Kama hakuna barua, kitambaa nakikunja, navuta stuli, tunaandika kwanza.

Mara ya kwanza sisi wenyewe tulitoka mikono mitupu. Choo cha soko letu kilikuwa kimefungwa kufuli kwa miezi, na ushuru tukatozwa kila asubuhi. Akina mama walishinda na haja zao hadi jioni. Siku moja hasira zilipanda, tukafunga vibanda, tukaingia barabarani. Hatukufika mbali. Vitoa machozi vilirushwa, kila mtu akakimbilia kwake, na kijana aliyekuwa akitubebea mizigo sokoni akakamatwa. Usiku ule tulizunguka vituo viwili tukimtafuta. Afisa wa zamu akatuuliza, "Jina lake kamili ni nani?" Tulikuwa watu wanne pale kwenye kaunta na hakuna aliyejua. Miaka yote tulimwita kwa jina la utani. Alilala seli siku mbili. Alipotoka hakutulaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hivyo anza na haki yako, uijue kwa nambari. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi awe na amani na asibebe silaha. Kisha kuna Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, sehemu ya 5. Hiyo inataka mwandalizi ampe taarifa msimamizi wa kituo cha polisi cha eneo lake, yaani OCS, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano. Mkipanga kutoka Ijumaa, barua iwe imefika Jumatatu. Lazima itaje majina kamili ya mwandalizi na mahali anapoishi, tarehe, saa, na njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni.

Sisi huandika hivi:

"Kwa OCS. Yah: Taarifa ya maandamano ya amani. Mimi (majina yote), mkazi wa Kaptembwa (plot na nambari ya nyumba), nakupa taarifa kwamba tarehe (fulani), kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wafanyabiashara wa soko letu tutaandamana kwa amani, bila silaha, kutoka sokoni, kupitia Kenyatta Avenue, hadi Nyayo Gardens. Tunaomba polisi watulinde njiani."

Soma tena sentensi ya mwisho. Kitu pekee tunachoomba ni ulinzi. Neno "ruhusa" lisionekane popote katika barua hiyo, kwa sababu ukiomba ruhusa umempa mtu nafasi ya kukunyima. Niliwahi kuulizwa kituoni, "Mama, nani amekuruhusu kuandamana?" Nikajibu, "Afande, sijaja kuomba ruhusa. Nimeleta taarifa, na hii ni nakala yangu, naomba unipigie mhuri." Nilisema polepole, kwa heshima, magoti yakinitetemeka chini ya leso. Alinitazama, akapiga mhuri.

Nenda na nakala mbili na mtu wa pili wa kushuhudia. Wakikataa kupiga mhuri, omba taarifa yako iandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Hata hilo wakikataa, andika palepale saa, tarehe na jina lililo kifuani mwa afisa. Sheria hiyo inamtaka OCS akujulishe mara moja iwapo kuna kundi jingine lililotangulia kutoa taarifa ya mahali hapo kwa saa hiyohiyo. Ukiambiwa hivyo, omba uandikiwe, kisha ubadilishe siku. Na wewe uliyetia jina kwenye barua, usibaki nyumbani. Sheria inakutaka uwepo mwanzo hadi mwisho na usaidie kulinda amani.

Sasa dai lenyewe. Liwe moja. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, hata abiria kwenye matatu za Kaptembwa walijua wanachokataa: ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana walikuwa wameusoma mswada, wakautafsiri, wakautuma kwenye simu. Vijana waliuawa katika maandamano yale, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nikikuambia ujiandae, ujiandae kwelikweli, ni kwa sababu ya hao ambao hawakurudi nyumbani.

Ili dai lisimame, tafuta hesabu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kupeleka ombi hakulipishwi. Wana siku 21 za kukujibu. Barua yetu ilikuwa ya mistari minne: soko letu limekusanya ushuru kiasi gani mwaka uliopita, na kiasi gani kilirudi kutengeneza choo? Jibu lilikuja nusu, la makusanyo pekee. Lilitosha. Mama anayeuza sukuma wiki alipoona jumla ile kwa maandishi alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe tunalipa kiasi hiki." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kutoka.

Kama shida yenu ni ushuru kupanda, fahamu kwamba viwango huwekwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao bunge la kaunti linapaswa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha matumizi ya bajeti. Miezi hiyo fuatilieni vikao vya kutoa maoni ya umma, mpeleke maoni kwa maandishi. Kupinga kiwango kikiwa bado mswada ni rahisi kuliko kukipinga kikishakuwa sheria.

Bango. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, mita tatu. Usitumie satini, inateleza na rangi inapasuka. Kunja pindo juu na chini, ushone uache mfereji wa vidole viwili, kisha upitishe kamba ya katani. Zamani nilipitisha fito, nikaacha. Fito mkononi mwa kijana inaweza kuitwa silaha, na Katiba imesema bila silaha. Kwa kamba, watu wanne hushika pembe nne na bango linanyooka vizuri. Kata matundu ya nusu mwezi, sita au nane, upepo upite. Bila hayo upepo utalivuta kama tanga na wabebaji watachoka mapema. Herufi ziwe na urefu wa shubiri, kwa rangi nyeusi ya mafuta, likauke usiku kucha. Maneno yasizidi sita. Letu lilisema: CHOO KIFUNGULIWE, USHURU TUNALIPA.

Mabaki ya kitambaa nayafanya vitambaa vya kufunga mkononi vya wasimamizi, msimamizi mmoja kwa watu ishirini. Rangi yake tunaichagua usiku wa kuamkia maandamano, nashona usiku huohuo, na vinagawanywa alfajiri. Ukivitangaza mapema, asubuhi utakuta watu usiowajua wamevaa vyao, na wengine wametumwa kuharibu. Tulikubaliana pia juu ya filimbi. Ikilia mara tatu, kila mtu anaketi chini palepale alipo. Siku moja ililia karibu na Kenyatta Avenue: tuliketi sote, na aliyekuwa ameokota jiwe akabaki amesimama peke yake, mkono juu, kamera zikimtazama. Alilidondosha akaondoka.

Watoto wabaki nyumbani. Beba maji, kitambaa cha uso, viatu vya kufunga kamba. Nambari ya wakili iandike kwa kalamu kwenye mkono, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Ukikamatwa, usipigane. Taja majina yako yote kwa sauti, wenzako wasikie. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeishia mahakama imefungwa. Usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Ukiumizwa, pata matibabu kwanza, hifadhi karatasi zote za hospitali, uombe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi.

Malalamiko yenu mkifika yakabidhiwe kwa mtu, si kwa mlango. Kama ni bunge la kaunti, yaandikwe kwa Karani, yawe na majina na sahihi zenu na jambo mnalotaka lifanywe. Hapo pia, nakala na mhuri. Choo chetu kilifunguliwa wiki ya tatu baada ya mhuri huo.

Kuhusu daftari. Ni lile la shule la kurasa 96, na halitoki mkononi mwa mtu mmoja tunayemwamini, ambaye haandamani. Anaketi nyumbani na simu iliyojaa chaji. Kila anayetoka anaandikisha majina yote ya kitambulisho, nambari ya simu, na mtu wa kupigiwa. Jioni wasimamizi wanarudisha vitambaa, mimi navihesabu. Saa mbili usiku mwenye daftari anaanza kupiga simu kuanzia jina la kwanza, akiweka alama kwa aliyefika kwake. Asiyepokea anapigiwa tena baada ya nusu saa. Asipopokea mara ya pili, wawili wetu tunavaa masweta, tunachukua jina lake kamili kwenye karatasi, na tunaanza na kituo kilicho karibu.