Kudhibiti mafuta kwenye simuleta ya mbio za udongo

Kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai kona zote ni za kushoto, lakini nusu ya muda usukani utauona umegeukia kulia. Mkia wa gari umetoka nje, matairi ya mbele yanafuata kule gari linakoteleza, na kinachoamua pua ielekee wapi ni mguu wa kulia. Anayeanza huchukulia mafuta kama kitu cha kuongeza mwendo na usukani kama kitu cha kukata kona. Kwenye udongo kazi hizo mbili zimechanganyika, na asiyelijua hilo atajizungusha kona baada ya kona huku akilaumu mipangilio ya gari.

Maelekezo haya yanahusu iRacing, simuleta (mchezo wa kompyuta unaoiga uendeshaji wa kweli) ambayo ina mbio za udongo tangu 2017, lakini mazoezi yenyewe yanafaa simuleta yoyote inayoiga vizuri mshiko wa tairi.

Pedeli kwanza

Kisigino kikae sakafuni na kisinyanyuke; mguu ufanye kazi kwenye kifundo, si kwenye goti. Vaa kiatu chenye soli nyembamba au soksi tupu. Ikiwa springi ya pedeli ni laini mno, mguu hauna cha kuegemea, na unaweza kuongeza asilimia 10 bila kujua. Weka springi ngumu zaidi, na kama pedeli yako inaruhusu, ongeza urefu wa mwendo wake. Pedeli inayosafiri umbali mrefu inakupa nafasi ya kutofautisha asilimia 35 na 40, fupi haikupi.

Fanya kalibresheni upya (kuifundisha kompyuta mwanzo na mwisho wa pedeli), kisha angalia kipimo cha pedeli kwenye skrini. Ukiachia kisome 0, ukikanyaga hadi mwisho kisome 100. Kikitetemeka chenyewe wakati mguu haupo, potenshiometa, yaani kifaa kinachopima mkanyago ndani ya pedeli, imeingia vumbi au imechakaa. Isafishe au ibadilishe kabla ya kuendelea, maana hakuna zoezi litakalosaidia pedeli inayotuma namba za uongo.

Gari na uwanja wa kujifunzia

Anza na gari la aina ya Street Stock. Ni zito, nguvu zake ni za wastani, na linakupa muda wa kuhisi mkia ukianza kutoka. Sprint Car ya 410, yaani injini ya inchi za ujazo 410 (karibu lita 6.7) kwenye gari jepesi mno, itakuadhibu kabla hujaelewa umekosea nini.

Fungua kikao cha majaribio ukiwa peke yako. Uwanja wenye unyevu unashika sana na unakuficha makosa. Hata mguu mzito unapita. Pasha mguu moto hapo kwa mizunguko michache tu, kisha chagua hali ya uwanja uliokwisha kutumika, ule ambao katikati ya kona udongo umekauka na kung'aa. Hapo ndipo mguu unapofundishika. Aliyewahi kuendesha kwenye murram baada ya mvua anaijua hisia ya mshiko unaokuja na kuondoka. Hapa ni hiyo hiyo, ila sababu ni ukavu.

Kona moja, hatua kwa hatua

Achia mafuta mapema, kabla hujageuza usukani. Uzito unahamia mbele, matairi ya mbele yanauma udongo, na mkia unakuwa mwepesi. Sasa geuza usukani kushoto taratibu. Mkia utaanza kutoka wenyewe. Hapa wengi wanasubiri sana. Mara tu gari linapoanza kuzunguka, rudisha mafuta kidogo, kati ya asilimia 20 na 40 kutegemea mshiko, ili uzito urudi nyuma na mzunguko utulie. Usipoyarudisha, mkia unaendelea mpaka ukupite. Ukiyarudisha mengi kwa ghafla, matairi ya nyuma yanazunguka bure na mkia unatoka tena, safari hii kwa nguvu ya injini.

Katikati ya kona shikilia mguu hapo hapo. Kutoka, fuata kanuni hii: mafuta yanaongezeka kwa kadiri usukani unavyorudi kunyooka. Kama bado umegeuza kulia sana na mguu umefika 100, hiyo nguvu haikusogezi mbele. Inachoma tairi na kukusukuma ukutani.

Sikiliza injini. Ukiwa kwenye gia moja, mlio unatakiwa kupanda pamoja na mwendo. Mlio ukipaa ghafla wakati mandhari ya pembeni haiongezi kasi, tairi linazunguka bure. Kuzunguka kidogo ni kawaida ya udongo. Kukipita kiasi, punguza mpaka mlio ushuke kidogo. Masikio yatakuambia kabla ya macho.

Mazoezi mawili

La kwanza: piga mizunguko 10 bila kuvuka asilimia 50 ya mafuta popote, hata kwenye sehemu iliyonyooka. Kisha 10 kwa 60, kisha 10 kwa 70. Andika muda wa kila kundi. Uwanja ukiwa mkavu, utaona mahali ambapo kuongeza mafuta hakupunguzi muda tena. Hapo ndipo mshiko wako ulipoishia.

La pili ni la kurekebisha. Ingia kona kwa makusudi ukiwa na mafuta mengi kidogo mpaka mkia utoke, kisha punguza mguu kwa theluthi moja tu, usiachie wote. Ukiachia wote ghafla, moja ya mambo mawili hutokea: ama uzito unaruka mbele na gari linajizungusha kuelekea ndani, ama matairi yanashika ghafla wakati usukani bado uko kulia, na gari linarushwa kwenye ukuta wa nje. Rudia mpaka mguu upunguze wenyewe bila kufikiri.

Baada ya kila kikao tazama marudio yakiwa na mchoro wa pedeli. Mstari wenye meno kama msumeno unaonyesha mguu unaochoma na kuachia. Unachotafuta ni mlima mmoja kwa kila kona.

Ukibadilisha gari au mstari

Sprint Car yenye bawa hukandamizwa chini na hewa, hivyo inavumilia mafuta mengi mwendo ukiwa mkubwa. Mwendo ukishuka, msaada huo unapotea. Isiyo na bawa inataka mguu mpole zaidi. Late Model, aina nyingine ya gari la udongo, ina tabia yake: ukikanyaga, upande wa nyuma kushoto unanyanyuka na ekseli inajipinda kidogo, ikilisaidia gari kukata kona. Ukiachia ghafla upande huo unashuka na gari linabadilika katikati ya kona. Kwa hiyo usiachie hadi sifuri. Baki na asilimia 10 au 15, na kama mwendo umezidi, gusa breki kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiwa yameshikiliwa.

Kwenye viwanja kama Eldora kule Ohio, wenye urefu wa nusu maili na kona zilizoinama sana, udongo uliosukumwa na matairi hulundikana juu karibu na ukuta na kuwa tuta. Tairi la nyuma kulia likiegemea tuta hilo, unaweza kukanyaga zaidi kuliko kwenye mstari wa chini, yaani njia ya upande wa ndani wa uwanja. Sharti ni mguu usiyumbe: ukiachia, gari linateleza kushuka na kupoteza mwendo, ukizidisha, linapanda juu ya tuta na kugonga ukuta.

Mbio zikianza upya baada ya bendera ya njano (ishara ya hatari inayofanya magari yapunguze mwendo), usikanyage hadi mwisho papo hapo. Magari yanatembea polepole, na tairi linazunguka bure kirahisi. Anza na asilimia 50 hivi, usukani ukiwa umenyooka, na panda hadi 100 kadiri mlio wa injini unavyopanda bila kuruka.