Mtaro na Barabara ya Mtaa Jijini Tanga: Jinsi ya Kuomba Mpaka Greda Lifike

Masika ikishakolea, barazani kwa muuza kahawa mazungumzo huwa ni yale yale: "Serikali ije ituchimbie mtaro." Wote huitikia, vikombe vinazunguka, na maji yanaendelea kuingia vyumbani. Hakuna anayeuliza ni serikali ipi. Barabara inayopita mbele ya nyumba yako ina mwenyewe, bomba lililo chini yake lina mwenyewe mwingine, nguzo ya pembeni ina wa tatu, na ramani ya viwanja iko kwa wa nne. Ukipeleka ombi kwa asiyehusika, wala hatakukatalia. Atalipokea, atagonga mhuri, kisha atalikalia.

Hayo yalitufika. Mtaani kwetu tulipoteza bajeti ya mwaka mzima kwa barua nzuri mno, yenye sahihi zaidi ya sitini, tuliyoipeleka mlango usio wake. Ninayoyaandika hapa ni njia tuliyoipita mara ya pili.

Mjue mwenye barabara kabla ya kushika kalamu

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Kwetu Tanga hizo ni kama ile ya kwenda Segera, ya Horohoro na ya Pangani. Barabara za mitaani, zikiwemo zile za namba za Ngamiani, kuanzia ya 1 hadi ya 21, ni za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wazee wetu wengi bado huenda kumtafuta mhandisi wa jiji, kwa kuwa zamani kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri. Mambo yalibadilika mwaka 2017, TARURA ilipoanza kazi chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Halmashauri ya Jiji imebaki na mipango miji, vibali vya ujenzi na usafi. Majisafi na majitaka ni ya Tanga UWASA, umeme ni wa TANESCO.

Mtaro ndio wenye utata. Ukiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili yake, unamfuata mwenye barabara. Taka zilizoujaza ni suala la usafi, na tuseme kweli, aghalabu tumezitupa sisi wenyewe. Bomba la majitaka lililopasuka likamwaga humo ni la Tanga UWASA. Kwa hiyo nenda kautazame kwanza kwa macho: umeziba, umebomoka, au haujawahi kuwepo? Mtaro uliojaa mifuko na mchanga hauhitaji mradi wala barua, unahitaji majembe na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimewahi kuona watu wakiomba mtaro mpya wakati wa zamani uko chini ya takataka zao.

Ukifika ofisi ya TARURA kuuliza, uliza na hili: je, barabara yetu imo kwenye mtandao wa barabara uliosajiliwa? Ikiwa haimo, ombi lenu la kwanza liwe kuisajili, maana fedha za matengenezo huifuata barabara inayotambulika. Fedha hizo kwa sehemu kubwa hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya TARURA. Basi hata anayepanda bodaboda kwenda sokoni Mgandini ameshachangia. Msiende mkijikunyata kama mnaoomba sadaka.

Mkutano wa mtaa, na muhtasari wake

Barua ya mtu mmoja ni malalamiko. Ya mtaa ni ombi. Mwombeni Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa aitishe mkutano wa wakazi, na ajenda ya mtaro iandikwe kabla, isiingizwe kwenye "mengineyo" saa ya kuondoka. Afisa Mtendaji wa Mtaa ndiye mwandishi wa muhtasari. Kaeni naye karibu, kwa heshima, lakini kaeni naye.

Nasema hivyo kwa sababu muhtasari ndio karatasi itakayosafiri ninyi mkiwa mmelala. Ukisomeka "wakazi walilalamika kuhusu maji", hapo hamna kitu. Unatakiwa usomeke hivi: "Mkutano umeazimia kuomba kalavati moja na mtaro wa mita 180 kutoka msikitini hadi mtaro mkuu." Uwe na tarehe, orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi, jina la barabara kama lilivyo kwenye kibao au kwenye rejesta, na mhuri. Kisha toeni nakala tatu au nne. Moja abaki nayo mtu asiyepoteza vitu.

Chagueni jambo moja. Siku ile kwetu wengine walitaka taa, wengine matuta ya kupunguza mwendo wa bodaboda, wengine mtaro. Mama mmoja alimaliza ubishi kwa swali: maji yakiingia ndani, hiyo taa mtaiwashia wapi? Tukapiga kura ya mikono, mtaro ukashinda, na taa ikaandikwa kuwa kipaumbele cha pili. Ombi lenye mambo saba huwarahisishia wakubwa kuchagua lile dogo kuliko yote, au kutochagua kabisa.

Kuna la aibu kidogo ambalo lazima lisemwe mkutanoni, si baadaye: nani amejenga juu ya njia ya maji? Ukuta mmoja, kibanda kimoja au ngazi za kibaraza hukwamisha mradi mzima, kwa sababu mkandarasi akifika akakuta ubishi huhamia mtaa mwingine. Mwenye ukuta ndani ya hifadhi ya barabara azungumzishwe mapema, wazee wakae naye. Na mtaro ukilazimika kukatiza kiwanja cha mtu chenye hati yake, hilo ni la ridhaa ya maandishi au fidia. Msimwahidie mtu chochote kwa niaba ya serikali.

Picha pigeni maji yakiwa yamejaa, siyo Agosti jua linapowaka. Asimame mtu ili kimo kionekane, na alama ya maji ukutani ionekane. Urefu na upana pimeni kwa futi kamba ya fundi yeyote.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

*KWA: Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Tanga*
*KUPITIA KWA: Afisa Mtendaji wa Kata*
*KUPITIA KWA: Afisa Mtendaji wa Mtaa*
*NAKALA: Meneja wa TARURA (Wilaya); Mkurugenzi Mtendaji, Tanga UWASA; Mheshimiwa Diwani*

*YAH: OMBI LA KALAVATI NA MTARO WA MITA 180*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wakazi wa mtaa wetu katika mkutano wa tarehe … waliazimia kuomba kujengewa kalavati na mtaro. Maji huingia katika nyumba … kila masika, na wanafunzi hushindwa kupita kwenda shuleni. Chini ya barabara hiyo lipo bomba la maji, hivyo tunaomba ukaguzi ufanyike kwa pamoja. Tumeambatisha muhtasari, mahudhurio, picha na mchoro. Wananchi wako tayari kuchimba sehemu ya mtaro kwa nguvu zao.*

Hiyo sentensi ya mwisho iwekeni ikiwa ni kweli tu. Na ile ya bomba msiisahau, sababu yake naieleza huko chini.

Kuomba hakuna ada. Ukiambiwa mchangie mafuta ya gari la wakaguzi, ombeni kwa upole namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Mara nyingi habari huishia hapo.

Kutoka kata kwenda juu

Barua ikitoka mtaani inaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Maana yake mwenyekiti wenu anakwenda kushindana na wenzake, kila mmoja na mtaro wake. Mpeni zile picha na idadi ya nyumba, asiende mikono mitupu.

Juu ya kata yanafuata mambo ya halmashauri: kamati za kudumu za madiwani, ikiwemo ya mipango miji na mazingira na ile ya fedha na uongozi, kisha Baraza lenyewe. Barua inaandikwa kwa mkurugenzi kwa ajili ya vikao hivyo, lakini TARURA haiko chini yake, ndiyo maana nakala ya TARURA hupelekwa moja kwa moja ofisini kwao hata kama diwani ameahidi kulisemea. Barabara za mkoa mzima hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa. Huko ndiko maombi ya kupandisha hadhi barabara huzungumzwa. Kwa kazi ndogo, upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini usidanganyike ukafikiri Juni ndiyo mwezi wa kuomba. Mabaraza ya madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Kwa hiyo piga picha masika, itisheni mkutano kipupwe, na barua iwe imevuka kata kabla ya vuli kwisha. Tulivyochelewa sisi mara ya kwanza, hata mlango ungekuwa sahihi tusingeingia.

Wakutanisheni pale pale shimoni

Hili ndilo lililotusaidia kuliko yote. Mtaa wa jirani ulipata mtaro safi wa zege. Miezi michache baadaye wakaja watu wa bomba, wakaukata katikati, wakafukia kwa kifusi. Kila ofisi ilikuwa imefanya kazi yake ipasavyo. Hawakuwa wamekutana tu.

Basi ombeni ukaguzi wa pamoja. Mtendaji wa Kata ana uwezo wa kuwaandikia wote watatu: fundi wa TARURA, wa Tanga UWASA, na ofisa wa mipango miji mwenye ramani. Pangeni siku moja, saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla visingizio havijaamka. Mwiteni na mzee anayekumbuka bomba lilipopita, kwa sababu ramani na ardhi hazikubaliani siku zote. Ulizeni maswali manne mkiwa mmesimama hapo: bomba liko kimo gani, litahamishwa na nani, gharama ya kulihamisha iko bajeti ya nani, na maji ya mtaro wetu yanamwagikia wapi. Hilo la mwisho lina uzito wake. Mtaro usio na mwisho huhamisha mafuriko kwa jirani, na jirani naye ataandika barua.

Mkimaliza, Mtendaji aandike kumbukumbu ya ukaguzi, wote watie sahihi pale pale, hata kama ni juu ya boneti la gari.

Kufuatilia bila ugomvi

Barua ikipokelewa masijala, omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na uandikiwe kumbukumbu namba. Bila namba hiyo utaambiwa "faili linatafutwa". Tanga tunajisifu kwa waja leo waondoka leo, lakini barua haina sifa hiyo: ikija, huja kukaa.

Nenda mara moja kwa mwezi, mtu yule yule, ajulikane sura. Mkikwama, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu ombi la taarifa, na kuitaja kwa adabu kwenye barua ya kukumbushia huamsha wengi. Diwani naye akumbushwe kabla ya kikao cha Baraza; baada ya kikao hana la kufanya.

Kazi ikianza, someni kibao cha mradi: jina la mkandarasi, muda na thamani ya kazi. Kikikosekana, ulizeni. Mkandarasi akiondoka, bado kuna kipindi cha matazamio ambacho kasoro hurekebishwa kwa gharama yake, kwa hiyo ulizeni kinaisha lini, muandike ukutani kwa mwenyekiti. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na mwavuli, fuata maji mpaka yanapoishia, na popote yanapotuama piga picha siku hiyo hiyo.