Somo: Kompyuta ya monita tatu kwa treda mwenye bajeti ndogo

Vijana wengi wanaoanza kutredi, yaani kununua na kuuza kwenye masoko ya fedha mtandaoni, wanashauriwa kununua kompyuta ya magemu yenye kadi kubwa ya grafiksi, na nusu ya mtaji inaishia dukani. Inaniuma, kwa sababu chati ya mishumaa (mchoro wa bei ya soko) ni picha nyepesi sana. Mashine ya kutredi inahitaji matundu ya kutosha ya kuchomeka monita, RAM ya kutosha na umeme usiokatika ukiwa na oda wazi (biashara ambayo bado hujaifunga). Pesa itakayobaki ikae kwenye akaunti yako.

Hapa tunalenga monita tatu za inchi 24. Nitaeleza pia njia ya kufika nne.

Hatua ya 1: Mashine

Tafuta kompyuta ya mezani ya mtumba iliyotoka maofisini: Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, yenye prosesa ya Core i5-8500. Kariakoo zipo, na Nairobi utazipata maduka ya Moi Avenue. Usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel hata kama bei inavutia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi hicho. Kompyuta unayoingilia akaunti yenye hela isikae bila masasisho ya usalama.

Kabla ya kulipa, iwashe mwenyewe palepale dukani. Bonyeza F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, achana nayo. Mashine za makampuni mara nyingi hufungwa hivyo, na kuzifungua ni usumbufu mtupu.

Hatua ya 2: RAM na SSD

Weka GB 16, na ziwe vijiti viwili vya GB 8, kwa sababu grafiksi ya ndani (iliyo ndani ya prosesa) hukopa RAM ya kompyuta na vijiti viwili huipa njia pana zaidi. Kinachomaliza RAM ni kivinjari chenye chati nyingi za TradingView (tovuti ya chati). MetaTrader, programu ya kuwekea oda, yenyewe hula kidogo. SSD ya GB 256 inatosha.

Hatua ya 3: Matundu ya picha

Soma hapa taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela.

Grafiksi ya ndani ya i5-8500 inaendesha monita tatu kwa wakati mmoja. Lakini OptiPlex 7060 huja na matundu mawili ya DisplayPort, na la tatu liliwekwa kwa hiari ya mnunuzi wa kwanza. Kwa hiyo geuza mashine uangalie mgongoni. Ukikuta DisplayPort mbili na HDMI moja, umemaliza: monita tatu bila kununua kadi yoyote.

Likikosekana la tatu, au ukitaka monita nne, tafuta Nvidia Quadro P620 ya mtumba. Ina matundu manne ya DisplayPort ndogo, inatumia wati 40 tu, na inachukua umeme wake wote kwenye sloti ya mazabodi (bodi kuu ya mashine), hivyo huhitaji kubadili pawa saplai. Kama kasha lako ni lile jembamba, mwambie muuzaji akupe na kile kibati kifupi cha kufungia kadi. Kirefu hakiingii, na kukipata kifupi peke yake baadaye ni kazi. Uliza na kebo, kwa sababu tundu dogo la kadi hii halipokei kebo ya kawaida ya DisplayPort.

Kadi ikishaingia, chomeka monita zote kwenye kadi. Mashine nyingi huzima matundu ya mazabodi zinapoona kadi mpya.

Kifaa cha kugawa HDMI moja kuwa mbili usinunue kwa kazi hii. Kinarudia picha ileile kwenye monita zote, na wewe unataka kila monita ionyeshe kitu chake.

Hatua ya 4: Monita

Chukua tatu za aina moja, za pikseli 1920 kwa 1080. Dell P2419H ni chaguo zuri: ina DisplayPort, HDMI na VGA, na mgongoni ina matundu ya kufungia kwenye mkono wa mezani au ukutani. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, uangalie madoa. Zinazotoka Uingereza zina plagi yetu ya pini tatu.

Hatua ya 5: Kupanga skrini

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua. Kwenye mipangilio ya skrini, vuta visanduku vifuate mpangilio wa mezani kwako. Kuhamisha dirisha, bonyeza Windows, Shift na mshale.

MetaTrader 5 inakuruhusu kuitoa chati nje ya dirisha kuu na kuipeleka monita nyingine. MetaTrader 4 hairuhusu, hivyo wanaoitumia husakinisha nakala mbili kwenye mafolda tofauti, kila moja na monita yake.

Hatua ya 6: Umeme na intaneti

Mashine hii na monita tatu hula kama wati 150 hivi kazini. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inabeba, lakini usitarajie zaidi ya dakika 10 hivi. Hizo ni za kufunga biashara kwa utulivu. Rauta nayo ichomeke humo, na simu iwe na bando la kuwasha hotspoti.

Jambo moja lishike sana. Stop loss uliyoweka (amri ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani) inakaa kwenye seva ya broka, kampuni inayopokea oda zako, hata kompyuta ikizimika inafanya kazi. Trailing stop ya MetaTrader (stop loss inayosogea kuifuata bei inapokwenda upande wako) haiko hivyo. Inaendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako, na umeme ukikatika inasimama pale ilipofika. Roboti, yaani programu zinazotredi zenyewe, nazo ni vilevile. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwetu huingia saa 9:30 alasiri au saa 10:30 kutegemea majira yao. Dakika hizo usiiachie trailing stop pekee ilinde oda yako.

Maswali ya wanachama

Mwanza: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi nina laptop yenye HDMI moja tu. Naweza kufika monita mbili za nje?

Unaweza, mkuu. Ya kwanza itumie HDMI, ya pili itumie adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink. Prosesa itafanya kazi ya ziada kidogo, ila kwa chati inatosha kabisa. Adapta ya bei rahisi isiyo na programu yake ya kusakinisha usiiguse.

Mombasa: Ndugu, nina monita mbili za zamani za VGA pekee. Nizitupe?

Usizitupe ndugu yangu. Nunua adapta ya DisplayPort kwenda VGA, zitawaka. Maandishi yatakuwa na ukungu kidogo, hivyo weka huko habari na kalenda ya uchumi, chati ziache kwenye monita nzuri.

Morogoro: Kaka, mimi naanza na akaunti ndogo. Ninunue zote tatu mara moja?

Hapana dada yangu. Nunua mashine na monita mbili: moja ya chati ya muda mrefu, nyingine ya kuingilia sokoni. Tredi hivyo miezi michache. Ukiona kila siku unafungua na kufunga dirisha lilelile kwa kukosa nafasi, hapo ongeza ya tatu.

Arusha: Mkuu, roboti yangu inatakiwa iwe hewani usiku na mchana. UPS kubwa itanitosha?

Haitoshi, maana intaneti nayo hukatika. Kodi VPS (kompyuta ya mbali inayowaka muda wote), iendeshe roboti huko, na kompyuta ya nyumbani itumie kuitazama tu. Ukiangalia VPS, chagua iliyo karibu na seva ya broka wako. Wengi wameziweka London au New York.