Somo: Jinsi ya kuanza kuangalia muvi za Cantinflas kama Kihispania hukijui

Wakuu habari zenu. Kila wiki naulizwa "nianze na ipi", nimejibu mpaka nimechoka, sasa yote naweka hapa.

Kwa wasiomjua, ni Mario Moreno wa Meksiko, kazaliwa 1911 kafariki 1993, alianza kuchekesha kwenye mahema ya maonyesho wanayoita carpa, filamu akaja kuingia 1936.

1. Mkague mavazi kwanza. Suruali imeshuka chini ya kiuno imefungwa kamba, begani katupia kitambaa kimechakaa anachokiita koti, masharubu ni vinywele viwili pembeni ya mdomo. Huyo ni maskini wa mjini, mali yake ni mdomo tu.

2. Anza na Ahí está el detalle ya 1940. Haina rangi, vumilia.

3. SABTAITO. Hapa ndipo nilipochemka mimi. Nilipata nakala iliyotafsiriwa na mashine, kumbe mashine inamnyoosha, yeye anaanza sentensi anaiacha njiani anadaka nyingine anarudi kwenye ya kwanza anaisahau, mashine inamkamilishia yote vizuri, kwa hiyo mimi naona mtu anaongea kawaida tu, nikazima hata nusu sijafika, nikakaa karibu mwaka nasema jamaa kapewa sifa za bure. Rafiki yangu anayejua Kihispania ndiye aliyenikalisha akaniambia hapo hajasema kitu, ameongea dakika nzima na hoja hamna, ndio utamu wenyewe. Wenyewe wana kitenzi kabisa, cantinflear, kipo mpaka kwenye kamusi yao.
ONYO: ukiona sabtaito zake zimenyooka zina maana mwanzo mwisho, tupa, tafuta nakala nyingine.
ONYO LA PILI: ile sehemu ya mahakamani, mwishoni mwa filamu ya namba 2, iangalie mara mbili. Mara ya pili zima sabtaito, sikiliza spidi na pumzi.

4. El gendarme desconocido, 1941, anakuwa polisi. Director ni Miguel M. Delgado, walifanya kazi pamoja mpaka ya mwisho, El barrendero ya 1982.

5. Around the World in 80 Days ya 1956 iache kwanza. Utaiona baadaye.

MASWALI

– Mkuu somo zuri, sasa nianze na ipi?
Namba 2.

– Kwa nini unaiponda ya 1956 wakati ilimpa tuzo ya Golden Globe?
Sijaiponda, soma tena. Pale anaongea Kiingereza, silaha yake kubwa imebaki nyumbani, kwa hiyo anachekesha kwa mwili, na ile ya kucheza na ng'ombe dume ni fundi kweli maana hata nje ya filamu alikuwa anafanya hivyo uwanjani. Ila ukianzia hapo utadhani ndio kamaliza. Pepe ya 1960 ilikuwa Kiingereza pia, ikaanguka.

– Mbona mwishoni mahakamani hakimu na mawakili nao wanaongea kama yeye? Au ni sabtaito zangu mbovu?
Hapana, umeona vizuri sana na nimefurahi umeuliza. Ameua mbwa anaitwa Bobby, kumbe kuna jambazi naye jina Bobby kauawa, wanamuuliza ulimuua Bobby anakiri bila wasiwasi. Wasomi wote wanajaribu kumfuata na sheria zao, mwisho lugha yake inawaambukiza wote. Rudia umsikilize hakimu peke yake.

– Link iko wapi
Sigawi link.

– Nimeangalia na bibi, hajui kusoma, kacheka kuliko mimi niliyekuwa nahangaika na maandishi.
Umenifurahisha mno. Mwekee El bolero de Raquel, 1957, hiyo ina rangi. Bolero kwa Meksiko ni mng'arisha viatu, halafu jina linachezea Bolero, muziki wa Mfaransa Ravel, na humo ndani anaudansia muziki wenyewe. Bibi hatahitaji maandishi, ila kaa upande wake umwambie kuhusu viatu kabla haijaanza.